Chiriku wako ameingia weusi? Badili chakula kabla ya kumzalisha

Chiriku wa kufugwa akianza kuwa mweusi, usikimbilie kumtafutia jike ukidhani umepata aina adimu. Mwondolee mbegu zenye mafuta mengi, hasa za bangi zinazochanganywa kwenye chakula cha ndege, mpe majani mabichi na mwanga wa jua, kisha subiri anyonyoke. Unyoya ukishakomaa ni kitu kilichokufa, haubadiliki rangi kwa lishe. Jibu liko kwenye manyoya mapya. Yakirudi ya kawaida, weusi ulikuwa wa chakula na watoto hawaurithi. Jambo hili ni la zamani: Gilbert White, mtafiti wa viumbe wa Uingereza, karne ya 18, alieleza bulfinchi (ndege wa jamii ya chiriku) aliyelishwa zaidi mbegu za bangi akazidi kuwa mweusi kila mwaka, hadi akawa mweusi tii mwishoni mwa miaka 4. Kumng'oa manyoya ili kuharakisha ni ukatili tu.

Kipimo hiki hudanganya ndege akiwa na ini bovu, maana weusi hubaki hata lishe ikibadilika. Na kwa zebra finchi, ndege mwingine mdogo wa kufugwa, weusi wa kifua au mashavu hurithiwa kwa kujificha: wazazi wa rangi ya kawaida wanaweza kuuzaa, kwa hiyo kuwatazama wazazi hakutoshi.