Mnyamapori ameingia uani: jinsi ya kuomba aondolewe, Dar es Salaam

Chatu aliyejikunja kwenye banda lako la kuku si wako, na wala si wa jirani ambaye ameshavua shati na kushika panga. Kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori wote wa Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini kwa niaba ya wananchi. Hata akiwa ndani ya ukuta wako, na hati ya kiwanja iko kabatini. Ndiyo maana hapa tunazungumzia kuomba: unamwomba mwenye mali aje achukue mali yake.

Na wageni hawa hawatoki mbali. Mji umeufuata msitu. Goba, Madale, Mabwepande, Chanika na sehemu kubwa ya Kigamboni yalikuwa mashamba ya mikorosho na vichaka kabla ya kuwa viwanja. Pori la Akiba Pande liko ndani ya mkoa wenyewe, na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi iko pale tu unapovuka kwenda Kisarawe. Masika yakikolea, kati ya Machi na Mei, mabonde ya Msimbazi, Mpiji na Mzinga hujaa maji, na nyoka na kenge hupanda juu kutafuta pakavu. Pakavu penyewe ndipo ulipopanga matofali ya kumalizia ukuta.

Kwanza jiulize kama kuna haja ya kuomba

Maombi mengi hayahitajiki kabisa. Komba anayelia usiku kama mtoto mchanga kwenye mwembe wako, macho yakiwaka ukimmulika tochi, hana shida na mtu. Anakula matunda na wadudu, na kama kuna mgema jirani, anajua njia ya kwenye kibuyu cha tembo. Mwache. Nguchiro naye anapita tu. Kenge hutisha kwa umbo, na kila mwaka kuna mtaa unaopiga kelele kwamba mamba ameingia, kumbe ni kenge anayefuata panya na mayai. Fungua geti, ita watoto ndani, ataondoka.

Tumbili ni kesi ya peke yake. Kama ni kundi linalopita na kuchuma mapapai, hakuna afisa atakayekuondolea: leo atawafukuza, kesho watarudi, kwa sababu ndoo yako ya taka haina mfuniko au kuna mtu mtaani anawarushia ndizi. Lakini tumbili mmoja, asiyeogopa watu, mwenye mkanda au alama ya kamba kiunoni, huyo ametoroka kwa mtu. Huyo anaombewa. Tumbili aliyelelewa na binadamu huuma kuliko wa porini, kwa sababu hakuogopi.

Wanaoombewa moja kwa moja ni hawa: chatu, nyoka mwenye sumu aliyeingia ndani au kwenye dari, mamba, kiboko, fisi, chui, mnyama yeyote aliyejeruhiwa, na kakakuona. Huyu wa mwisho nimtaje kwa makusudi. Akionekana, watu hukusanyika, wakamwekea maji, silaha na nafaka ili atabiri mwaka, na wakati huo huo kuna mtu pembeni anapiga simu kwa mnunuzi wa magamba. Toa taarifa saa ile ile, kabla umati haujakua.

Kama ni dharura, simu kwanza, barua baadaye

Chatu aliyeingia bandani kwa tundu dogo akameza kuku wawili hawezi kutoka kwa tundu lile lile. Tumbo limevimba katikati, amejikunja kwenye kona, kichwa kakiweka juu ya mwili. Huyu hahitaji barua, anahitaji mtu aje leo. Funga mlango wa banda kwa nje, ondoa mbwa na watoto, kisha mpigie mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mtendaji wa mtaa. Hao ndio wenye namba ya afisa wanyamapori wa halmashauri yenu. Iombe mapema, kabla hujaihitaji. Huu ndio ushauri wa maana kuliko wote ulio humu.

Kama mtu yuko hatarini, piga 112 ya Polisi. Mnyama ametumbukia kisimani au kwenye shimo la maji taka, au amemzingira mtu mahali asipoweza kutoka, piga 114 ya Zimamoto na Uokoaji.

Aliyeumwa na nyoka apelekwe hospitali, si kwa fundi wa jiwe jeusi. Kiungo kilichoumwa kitulizwe kisichezeshwe, vua pete na bangili kabla hakijavimba, usichanje, usifyonze, usifunge kamba ya kukaza. Swila akikutemea machoni, osha kwa maji mengi ya kutiririka kwa muda mrefu, kisha hospitali. Usimfukuze nyoka ili umpeleke kwa daktari kama ushahidi. Picha ya mbali inatosha, na hata isipokuwepo utatibiwa.

Taarifa ya mtaa

Mnyama anayerudirudi, au aliyejificha mahali mnapopajua, ndiye wa kuandikiwa. Anza na mjumbe, kisha ofisi ya serikali ya mtaa. Nenda na kitambulisho chako cha taifa au namba yake, picha au video kwenye simu, na jirani mmoja aliyemwona. Mtendaji ataandika taarifa kwenye kitabu chake na kukupa barua ya utambulisho yenye muhuri.

Hakikisha umeandikiwa. Kuna watendaji wanaosikiliza kwa makini sana, wanatikisa kichwa, wanasema "tumelipokea," na kalamu haijagusa karatasi. Taarifa isiyoandikwa haipo. Muombe kwa upole: "Naomba uniandikie, mheshimiwa, nipeleke kata."

Barua yenyewe

Barua huenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, si kwa afisa wanyamapori kwa jina lake. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni ni manispaa. Ilala, tangu 2021, ndiyo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, kwa hiyo wa huko wanamwandikia Mkurugenzi wa Jiji. Ukikosea hapo, barua itazunguka. Juu weka jina lako, mtaa, kata, simu na tarehe, kisha iwe hivi:

*Mkurugenzi wa Manispaa,*
*Halmashauri ya Manispaa ya Ubungo,*
*DAR ES SALAAM.*

*Kupitia: Afisa Mtendaji wa Kata*

*YAH: MAOMBI YA KUONDOLEWA CHATU KATIKA MAKAZI YA WATU*

*Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi ni mkazi wa mtaa tajwa. Nyuma ya nyumba yangu kuna kiwanja kisichoendelezwa chenye kichaka na pagale. Tangu wiki iliyopita chatu mwenye urefu unaokadiriwa kuwa mita tatu ameonekana hapo nyakati za jioni, mara zote akitokea chini ya msingi wa pagale upande wa mashariki. Amekamata kuku na mtoto wa mbwa.*

*Kiwanja hicho kinapakana na njia wanayopita watoto wa shule ya msingi. Hatujampiga wala kumchomea moto.*

*Naomba ofisi yako imtume mtaalamu kumwondoa na kumhamishia mahali panapofaa. Nitakuwepo nyumbani kuelekeza, na simu yangu ni hiyo iliyo juu. Nimeambatisha barua ya serikali ya mtaa na picha.*

*Wako mtiifu,*

*Nakala: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA).*

Angalia kilichofanya kazi hapo. Hakuna "nyoka mkubwa wa kutisha." Kuna kipimo, saa za siku, na mahali anapotokea. Afisa akisoma anajua aje jioni, aje na watu wangapi, na aanzie wapi. Sentensi ya watoto wa shule ndiyo itakayoitoa barua yako chini ya rundo, lakini iandike tu kama ni kweli, maana atakuja na kuiona njia yenyewe. Na ile ya "hatujampiga" si ya mapambo: mnyama aliyekwisha kuchokozwa hukamatwa kwa namna nyingine, na wanaomkamata wanastahili kujua.

Usiandike kuhusu jirani aliyeacha kiwanja kichaka. Hilo ni lalamiko la afisa afya na mazingira, liandikie barua yake. Ukichanganya mambo mawili kwenye barua moja, kila ofisi itaona lile lisilo lake.

Toa nakala mbili. Moja inabaki masjala, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Chukua pia namba ya jalada. Siku ukipiga simu kuulizia, bila namba hiyo utaambiwa "bado haijafika kwa mhusika," na hutakuwa na la kujibu.

Inawezekana ukaambiwa gari halina mafuta. Ni jibu linalosikika kuliko linavyostahili. Hapo ndipo nakala ya TAWA inapokusaidia: mamlaka hii, iliyoanza kazi 2016, ina askari wa uhifadhi na vifaa ambavyo halmashauri nyingi hazina, na afisa wa halmashauri anaweza kuwaita. Mwombe afanye hivyo. Ukidaiwa malipo yoyote, ulizia namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali (control number). Isipokuwepo, usitoe.

Siku wanapokuja

Funga mbwa. Zuia watu wenye simu: umati ndio unaomtia mnyama wasiwasi, akaingia tena shimoni, na kazi ikaahirishwa. Onyesha mahali, kisha rudi nyuma uache wenye kazi wafanye. Usiombe ngozi, mafuta wala yai la chatu "la dawa." Hizo ni nyara za serikali, na kukutwa nazo bila kibali ni kesi ya uhujumu uchumi, ambayo wengi wameijua wakiwa tayari rumande. Hata ukimuua mnyama kwa kujitetea, jambo ambalo sheria inalitambua, mzoga unabaki kuwa wa Serikali na unapaswa kutoa taarifa.

Aliyetoroka kwa mwenyewe

Asubuhi unakuta kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu kwenye mpera, anaita "hodi." Au tausi juu ya bati. Wote wawili si wa pwani hii: kasuku yule asili yake ni misitu ya Kongo na Afrika Magharibi, na tausi wa buluu ametoka India, ingawa amekaa Ikulu ya Dar es Salaam muda mrefu hadi watu wakamzoea. Uzuri wa ndege haumfanyi awe wa aliyemwokota. Tangaza kwenye kundi la WhatsApp la mtaa bila kutaja alama zake zote, ili anayedai ni wake azitaje mwenyewe, tena aje na kibali cha umiliki. Asipotokea, andika barua ile ile, ila kichwa kiwe "Yah: Kusalimisha ndege aliyeokotwa," na uombe hati ya makabidhiano. Hiyo karatasi ndiyo kinga yako.

Kobe ndiye anayewaponza watu wengi. Anaingia wakati wa mvua, watoto wanampa jina, anakaa miaka. Naye ni mnyamapori. Kumfuga kunahitaji kibali, na njia rahisi ya kutoka kwenye tatizo hilo ni kumsalimisha mapema kwa hiari.

Usibishe hodi ofisi isiyohusika

Mbwa au paka anayeng'ata ovyo ni wa afisa mifugo, na aliyeng'atwa aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Kundi la nyuki lililotua kwenye dari ni la afisa nyuki au Wakala wa Huduma za Misitu. Wenye viwanja vya ufukweni Kigamboni wakimkuta kasa anataga, wazime taa za nje na wamwite afisa uvuvi.

Kuhusu kifuta jasho

Kuna Kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi, yaani pesa ambayo Serikali hutoa kwa madhara ya wanyama wakali kama tembo, kiboko, mamba na simba. Si fidia kamili, na hakuna anayedai kwamba ni fidia. Anayeomba hupitia mlango ule ule wa mtaa, kata na afisa wanyamapori, ambaye lazima aje akague mwenyewe. Kwa hiyo usifukie mzoga wala kulima upya shamba kabla hajafika, na kwa mtu aliyejeruhiwa tunza fomu ya Polisi namba 3 na karatasi zote za hospitali. Kwa kuku walioliwa na chatu, mimi nisingepoteza nauli kwenda kuomba. Pesa hiyo nunua wavu wa nusu inchi, uzungushe banda hadi chini, na ufukie ukingo wake ardhini kiasi cha shubiri moja.