Kuanzisha kikundi cha hisa: sanduku letu la makufuli matatu

Hapa kwetu Muheza machungwa yapo na umaskini upo. Januari shule zikifunguliwa, mtu hana hela ya sare wala madaftari, anamwita mlanguzi na kumuuzia shamba zima matunda yakiwa bado machanga mtini. Msimu ukifika, anachuma mwingine. Kilichotuwezesha kusubiri ni kikundi cha hisa, yaani majirani tunaoweka akiba pamoja kila wiki kwa kununua hisa, tunakopeshana, na mwisho wa mwaka tunagawana. Mimi ni katibu wa kikundi chetu mwaka wa sita sasa, na tunafanya hivi.

Tafuteni watu ishirini hivi mnaojuana hadi nyumbani. Mkopaji mbaya anajulikana na majirani zake kabla hajakopa.

Kisha pangeni bei ya hisa, na hapa nawaomba msiwe na haraka. Mwaka wa kwanza tuliweka 5,000. Mwezi wa pili kina mama watatu waliacha kuja. Hawakugombana na mtu, waliona aibu kukaa mkutanoni mikono mitupu. Niliumia sana, maana hao ndio tuliowaanzishia kikundi. Sasa hisa ni 1,000, na kila wiki mtu ananunua moja hadi tano. Mwacheni mwenye kipato kidogo kuliko wote ataje bei, wengine mfuate. Watu 22 wakinunua mbili mbili tu, ni 44,000 kwa wiki, na hela hiyo inabaki kijijini.

Sanduku liwe na makufuli matatu, funguo kwa watu watatu wa nyumba tofauti, na sanduku lenyewe kwa mtu wa nne. Fedha zihesabiwe kwa sauti mbele ya wote, hata kama jua linazama.

Mikopo ianze baada ya mwezi hivi. Mtu asikope zaidi ya mara tatu ya hisa zake, arejeshe ndani ya miezi mitatu. Riba mkubaliane wenyewe. Mwisho wa mwaka inawarudia ninyi. Mfuko wa jamii, wa misiba na ugonjwa, uwe kando kabisa na usitozwe riba.

Sajilini kikundi, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitambua vikundi vya namna hii. Ipo pia mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ila msianzishe kikundi kwa kuitamani hiyo. Jifunzeni kwanza kurejeshana hela zenu wenyewe.

Kuvunja sanduku, yaani kugawana fedha zote za mwaka, tunafanya katikati ya Desemba, kabla ya sikukuu na kabla mlanguzi hajaanza kupita mashambani. Kila mmoja anahesabu fungu lake pale pale, anasaini, na kabla hajaondoka tunamuuliza: ya sare umeshaitenga?