Namna ya Kuifanya Simu Ikutoe Nyumbani Kwenda Mazoezini

Simu ile ile inayotukalisha kwenye kochi hadi usiku wa manane inaweza kututoa nje alfajiri, ila kupakua programu ya mazoezi peke yake hakutoshi, kwani linalobadilisha tabia hasa ni kujua nani anayaona mazoezi yako. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Nature Communications, uliofuatilia wakimbiaji wapatao milioni 1.1 kwa miaka mitano, ulionyesha kwamba rafiki akikimbia zaidi, nawe huongeza mbio. Ajabu ni kwamba wanaokimbia kidogo ndio waliowasukuma wanaokimbia sana, wala haikuwa kinyume chake.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua programu, chagua watu. Kumfuata bingwa wa marathoni mtandaoni kunaburudisha macho, lakini miguu haishtuki. Tafuta watu sita au saba wa kiwango chako, ikiwezekana wa mtaa mmoja, ili anayekosekana aulizwe ana kwa ana dukani au kituoni. Mkaazi wa Tabata, Dar es Salaam, atanufaika zaidi na jirani anayemgongea geti saa kumi na moja na nusu, kabla jua halijawa kali, kuliko na wafuasi elfu moja.

Fungueni kundi la WhatsApp lenye kazi moja tu, yaani kila mmoja kuandika dakika alizotembea au kukimbia siku hiyo, na salamu ndefu, matangazo ya biashara na siasa vihamie kwingine. Msikubali picha za viatu kama ushahidi. Katika kundi letu, mwenzetu mmoja alituma picha ya raba zake asubuhi na mapema na kuandika kwamba ndiyo anatoka, lakini saa ya ukutani nyuma yake ilisoma saa nne kasoro, na taa ya sebuleni ilikuwa inawaka. Tulicheka wiki nzima, naye tangu hapo huandika dakika zake, hata zikiwa kumi.

Lengo lihesabiwe kwa dakika. Hatua 10,000 ambazo programu nyingi hutudai zilipata umaarufu Japani mwaka 1965, kutokana na jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichokuwa kinauzwa. Hazikutokana na agizo la daktari. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, yaani mwendo unaokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Dakika 30 kwa siku tano zinatosha kuanzia, na kushuka basi la mwendokasi kituo kimoja kabla ya chako huchangia sehemu yake.

Ukitaka kuujua ukweli wa simu yako, nenda Daraja la Tanzanite jijini Dar es Salaam, ambalo urefu wake ni kama kilomita moja, ulitembee kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha usome simu imeandika nini. Ikizidisha sana, amini saa yako.

Anza kurekodi ukishafika barabara kubwa, si getini kwako, na ufiche mwanzo na mwisho wa njia kwenye mipangilio. Mwezi Januari 2018 iligundulika kwamba ramani ya programu ya mazoezi ya Strava ilikuwa inaonyesha kambi za kijeshi. Sembuse nyumba yako. Simu yenyewe ikae mfukoni, maana vibaka wa pikipiki nao huamka mapema.

Mwisho, zima taarifa za mashindano na za kuhesabu siku mfululizo. Programu haijui kwamba una malaria au kwamba goti limevimba, na itakudai mbio za leo kama ilivyokudai za jana. Liambie kundi, ulale.