Jinsi ya kutazama gofu ya kulipwa ili upunguze mikwaju yako

Wanagofu wengi wa ridhaa huharibu mchezo wao siku moja tu baada ya kutazama mashindano makubwa. Wameona mipira ikitua hatua mbili kutoka kwenye kibendera cha shimo, basi nao wanakilenga kila kibendera, na mipira inaishia majini. Runinga ina lawama yake hapo, kwa sababu huwaonyesha wanaoongoza, tena siku ambayo mambo yanawaendea vizuri. Ila ukijua la kutafuta, jioni moja ya kutazama inaweza kukufaa kuliko ndoo mbili za mipira kwenye uwanja wa mazoezi. Ninachowaambia wote ninaocheza nao ni hiki: igeni maamuzi ya wachezaji wa kulipwa, miili yao waachieni wenyewe.

Hatua ya 1: Chagua cha kutazama

Achana na video fupi za mikwaju bora. Chukua mchezaji mmoja, raundi moja, mashimo yote 18. Tovuti na programu za ligi kubwa huonyesha kila mkwaju ulipotua na umbali uliobaki, kwa hiyo unaweza kumfuata hata mtu aliye nafasi ya 40 ambaye kamera haimtafuti. Huyo ndiye mwalimu mzuri. Utamwona akikosa feawei (njia ya nyasi fupi inayoelekea shimoni), akiurudisha mpira mahali salama, akichukua bogi yake (mkwaju mmoja zaidi ya idadi iliyopangiwa shimo) na kuendelea na safari.

Mashindano makuu ya wanaume ni manne, na kila moja lina somo lake. Masters ya Aprili huchezwa Augusta National kila mwaka, hivyo ukiitazama miaka miwili mitatu unaanza kuyajua mashimo na kuelewa kwa nini watu wanalenga pale wanapolenga. PGA Championship huchezwa Mei tangu 2019. US Open ya Juni inajulikana kwa nyasi ndefu na grini ngumu (grini ni eneo la nyasi fupi sana lenye shimo), na huko kumaliza shimo kwa pa, yaani kwa idadi ya mikwaju iliyopangiwa, ni jambo la kujivunia. The Open ya Julai, kwenye viwanja vya pwani vyenye upepo, ndiyo ninayompendekezea anayeanza: utawaona mabingwa wa dunia wakiacha weji (fimbo ya kuurusha mpira juu) mkobani na kuuviringisha mpira chini kwa chini hadi kwenye grini, mkwaju ambao hata mgeni wa mchezo huu anaweza kuushika haraka.

Na kama wewe ni mwanamume, tazama gofu ya wanawake kwa wingi. Kasi ya wastani ya kichwa cha draiva, fimbo ya mikwaju mirefu zaidi, kwenye PGA Tour, ligi ya wanaume, ni kama kilomita 185 kwa saa. Kwenye LPGA, ligi ya wanawake, ni karibu 150, na hiyo ndiyo kasi ya mwanamume wa kawaida wa ridhaa. Aeni namba 7 (fimbo ya chuma ya masafa ya kati) ya mchezaji wa LPGA hubeba mpira hewani kama mita 130, wakati ya mwanamume wa kulipwa inakaribia 160. Kwa hiyo fimbo wanazochagua kina dada hao zinalingana na hali yako. Tofauti ni kwamba mipira yao inakwenda walikolenga. Mtazame Nelly Korda, aliyeshinda mashindano matano mfululizo mwaka 2024, uone jinsi anavyopandisha fimbo bila haraka na kumaliza akiwa amesimama imara juu ya mguu wa mbele.

Hatua ya 2: Tafuta walikolenga, usitazame mpira ulikotua tu

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo watazamaji wengi hupitwa. Mkwaju unapotua mita nane kushoto mwa kibendera, mtangazaji anaweza kuusema kama kosa dogo, na wewe unaamini. Mara nyingi ulilengwa pale pale.

Mfano ninaoutumia kila mara ni shimo la 12 la Augusta, Jumapili ya mwisho ya Masters 2019. Ni pa-3 fupi, takriban mita 142, lakini grini yake ni nyembamba na kijito cha Rae's Creek kinapita mbele yake. Siku ya mwisho kibendera huwekwa kulia, mahali ambapo mpira ukipungukiwa kidogo tu unateleza hadi majini. Brooks Koepka na Ian Poulter waliokuwa kundi la mbele walitumbukiza mipira yao. Likaja kundi la mwisho: Francesco Molinari aliyekuwa akiongoza akaenda majini, na Tony Finau naye vilevile. Tiger Woods alikuwa na fimbo mkononi na nafasi ya kuwa shujaa, lakini akapiga upande wa kushoto, juu ya bunka (shimo la mchanga), mbali kabisa na kibendera. Puti mbili (mikwaju ya kuuviringisha mpira kwenye grini), pa, na akawa sawa na Molinari kileleni. Siku ile alivaa koti la kijani la bingwa kwa mara ya tano. Mkwaju ule haukuwa na uzuri wowote wa kuwekwa kwenye video fupi, ila mashindano yaligeuka pale.

Unapotazama, chukua karatasi na kwa kila mkwaju wa kuingia grini jiulize mambo mawili kabla mpira haujapigwa. Hatari iko upande gani? Mimi ningelenga wapi? Kisha linganisha. Baada ya mashimo kadhaa utaona mtindo: kibendera kikiwa ukingoni karibu na maji au bunka, lengo linahamia katikati ya grini; kikiwa katikati, au mchezaji akiwa na weji mkononi, ndipo anapokisogelea.

Tazama pia mwenendo wao kabla ya kupiga. Jack Nicklaus alikuwa akisimama nyuma ya mpira, anachagua alama ndogo hatua chache mbele, jani au kipande cha nyasi, halafu anaelekeza uso wa fimbo kwenye alama ile badala ya shabaha ya mbali. Hili halihitaji kipaji. Lianze wiki hii.

Hatua ya 3: Jua takwimu halisi, upunguze hasira

Puti ya mita 2.4 wachezaji wa PGA Tour huingiza karibu nusu tu. Ya mita 6 huingia kama mara 15 katika 100. Feawei wanazikosa karibu mara 4 katika 10. Wakiwa katikati ya feawei, mita 130 hivi kutoka shimoni, wastani wao ni kuuacha mpira kama mita 7 kutoka shimoni, na hao ndio wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Wewe unayerusha fimbo chini kwa kukosa puti ya mita mbili unadai kitu ambacho hata mabingwa hawakipati.

Rory McIlroy aliposhinda Masters 2025 na kutimiza mataji yote makuu manne, alikuwa amepata dabo bogi (mikwaju miwili juu ya pa) nne katika wiki ile. Moja ilitokea shimo la 13 Jumapili, akiwa na weji mkononi, umbali wa chini ya mita 100, grini yote iko kushoto, na mpira ukaenda kijitoni kulia. Alishinda kwa sababu baada ya kila balaa aliendelea kupiga mkwaju unaofuata kwa akili timamu. Kwa upande wetu wa ridhaa, dabo bogi moja huzaa nyingine mbili, kwa kuwa tunataka kulipiza hapo hapo kwa mkwaju wa kupita katikati ya miti.

Kuna kipimo utakachokutana nacho kila unapofuatilia gofu: faida ya mikwaju. Kilibuniwa na Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia, na PGA Tour ilianza kukitumia kwa puti mwaka 2011. Wazo lake ni rahisi. Kama puti ya mita 2.4 huingia nusu ya mara, wastani wa kumaliza kutoka hapo ni mikwaju 1.5. Ukiingiza kwa mmoja umepata faida ya nusu mkwaju. Ukitumia miwili umepoteza nusu. Kila mkwaju uwanjani unaweza kupimwa hivyo. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba kiasi cha theluthi mbili ya tofauti kati ya wachezaji hutokana na mikwaju mirefu, ya zaidi ya mita 90 kutoka shimoni. Ule msemo wa kwamba puti ndizo zinazoleta fedha uliyumba hapo. Scottie Scheffler mwaka 2023 alikuwa chini ya wastani kwenye puti, na bado alimaliza mwaka akiwa kileleni mwa dunia kwa sababu ya aeni zake.

Hatua ya 4: Pima fimbo zako kwa ukweli

Nenda kwenye uwanja wa mazoezi na aeni namba 7. Piga mipira kumi. Ondoa miwili iliyokwenda mbali zaidi na miwili mibovu kabisa, halafu chukua wastani wa sita iliyobaki, ukihesabu mahali mpira ulipotua, si ulipoishia kuviringika. Andika. Fanya hivyo kwa kila fimbo unayoitumia kuingia grini.

Namba hiyo itakuuma kidogo. Wengi wetu tunachagua fimbo kwa kumbukumbu ya mkwaju mmoja bora uliopigwa na upepo mgongoni, ndiyo maana mipira yetu mingi inapungukiwa na kuangukia bunka la mbele. Ukishapata namba ya kweli, anza kulenga nyuma kidogo ya katikati ya grini. Hilo peke yake limewapunguzia mikwaju watu niliowaona wakihangaika na masomo ya kugeuza mabega.

Hatua ya 5: Andika raundi yako

Usiandike jumla tu. Kwa kila shimo andika mambo manne: mpira wa tii (mkwaju wa kwanza wa shimo) ulibaki kwenye mchezo au ulipotea, mkwaju wa kuingia grini uliishia upande gani, ulihitaji mikwaju mingapi kutoka mita 50 kwenda ndani, na puti ya kwanza ilikuwa ya umbali gani. Tumia alama fupi, usiwacheleweshe wenzako.

Baada ya raundi chache tatizo litajionyesha lenyewe, na mara nyingi si lile ulilolidhania. Anayelalamikia puti tatu kwa kawaida anaanza puti ya kwanza kutoka mita 12, na hapo mwenye lawama ni mkwaju uliotangulia.

Hatua ya 6: Fanya mazoezi ya kile karatasi inachosema

Kama mipira ya kuingia grini ndiyo tatizo, chora mstari kwenye nyasi au mchanga, simama mstari ukiwa katikati ya miguu yako, na uzungushe fimbo bila mpira. Alama inayochimbwa ianzie kwenye mstari au mbele yake, upande wa shabaha. Ikianzia nyuma, uzito wako umebaki mguu wa nyuma. Rudi kuitazama runinga: kwenye picha za polepole, mchezaji wa kulipwa mwenye aeni hugonga mpira kwanza, kisha ardhi, mikono ikiwa imetangulia kichwa cha fimbo. Usiongeze mpira mpaka alama itulie.

Kama mipira inapinda, kumbuka kwamba mwelekeo wa kuanzia wa mpira hutawaliwa zaidi na uso wa fimbo, na kupinda hutokana na tofauti kati ya uso huo na njia ambayo fimbo inapita. Mpira unaoanza kulia na kubaki kulia unahitaji dawa tofauti na ule unaoanza kushoto kisha ukapinda kulia. Watu huichanganya mikwaju hii miwili na kutibu ugonjwa usiokuwepo.

Puti: acha kulenga shimo moja toka mita moja saa nzima. Piga mipira mitatu toka mita 4, 8 na 12, kila mara ukibadilisha umbali, na hesabu ile tu iliyosimama ndani ya urefu wa fimbo. Mpira wa kasi ndogo huangukia shimo hata ukipita kando kidogo. Wa kasi kubwa hugonga ukingo na kuruka. Na unapokosa kwenye mteremko, kosa upande wa juu, kama wafanyavyo wao.

Badilisha fimbo na shabaha kila mkwaju. Kupiga mipira 40 mfululizo kwa aeni moja kunakupa raha, lakini uwanjani hakuna atakayekupa mkwaju uleule mara mbili.

Hatua ya 7: Soma handikapu inavyostahili

Handikapu ni namba inayopima kiwango cha mchezaji wa ridhaa. Mfumo wa Handikapu wa Dunia, ulioanza 2020, huchukua matokeo 8 bora kati ya 20 ya mwisho, na kikomo chake ni 54. Maana yake handikapu yako inaonyesha unachoweza siku nzuri, hivyo ni kawaida kabisa kumaliza juu yake mara nyingi kuliko kuifikia. Badala ya kuitazama kila wiki, tazama yale matokeo 12 yasiyohesabiwa. Yakianza kusogea karibu na yale manane, maamuzi yako yamebadilika hata kama namba yenyewe bado haijashuka.