Kuendesha timu ya kupandikiza nywele bila kuua mizizi

Watu wakifungua kliniki ya kupandikiza nywele hela yote inaishia kwenye kiti na taa, timu wanaokoteza baadaye, mi nasema anza na watu. Kesi ya mizizi 2,000 inakula siku nzima na kila mzizi ukishang'olewa kisogoni haupati damu tena, kadiri unavyokaa nje ndo unavyozidi kufa. Kwa hiyo daktari mmoja, mtu wa kusafisha na kuhesabu, wawili wa kupanda, na nesi ambaye kazi yake ni mgonjwa tu.

Huyo nesi ndo anaandika ganzi ubaoni. Lignokeini yenye adrenalini mwisho miligramu 7 kwa kilo, yaani mtu wa kilo 70 ni 490 tu, sasa mkichoma kisogo asubuhi na mbele mchana bila mtu wa kujumlisha mnacheza na moyo wa mtu.

Mizizi ikae kwenye maji ya drip ya baridi, visahani juu ya barafu, yenye unywele mmoja pembeni maana hiyo inaenda mstari wa mbele. Kuna mpandaji nilimkuta kapanga kama 40 hivi juu ya kidole cha glovu, kanogewa na stori, kufika ya mwisho imekauka inanata kama ugoro! Siku hizi kwangu ni 10 tu kwa mara moja, hakuna mjadala.

Nywele zetu za kipilipili mzizi umejikunja ndani ya ngozi, kwa hiyo daktari atoe 20 za majaribio kwanza, aziangalie kwa lenzi, zikiwa zimekatika nyingi abadilishe pembe au saizi ya kitobozi, kile kifaa cha kung'olea mizizi, kabla hajaendelea. Na mwulizeni mgonjwa habari ya keloidi, yale makovu yanayovimba, kabla hajalipa, sio akiwa kwenye kiti.

Usilipe timu kwa idadi ya mizizi aisee, watapasua mzizi wenye nywele tatu iwe mizizi mitatu. Na daktari asiondoke akamwachia teknisheni kutoboa, ISHRS, chama chao cha kimataifa, wanalipigia kelele sana hilo.

Halafu kuanzia wiki ya 2 au ya 3 zilizopandwa zinapukutika, ni kawaida, mzizi unabaki, ila mteja ataamini kaibiwa. Mwambieni kabla, kwamba matokeo ni miezi 9 mpaka 12, na nesi ampigie yeye wiki hiyo hiyo kabla hajapiga kwa hasira.