VLAN na kebo pacha kwenye mtandao wa ofisi ndogo

Anza na karatasi, si swichi. VLAN ni mtandao mdogo unaojitegemea ndani ya swichi zilezile. VLAN 10 iwe ya kompyuta, 20 ya simu, 30 ya wageni, 99 ya kusimamia vifaa. Anwani zifuate namba hizo: 192.168.10.0/24, 192.168.20.0/24, na kadhalika. Ukiona anwani tu, unajua kifaa kiko wapi. Kwenye ruta, kila VLAN ipewe DHCP yake (huduma inayogawia vifaa anwani), na wageni wazuiwe kufika kwingine kokote isipokuwa intaneti.

Mlango wa swichi unaochomekwa kompyuta hubeba VLAN moja bila lebo. Kati ya swichi mbili, VLAN zote zipite na lebo ya 802.1Q, alama inayoonyesha data ni ya VLAN ipi. Hapa ndipo wengi hukwama: VLAN 30 imeundwa kwenye swichi zote mbili, ila haikuruhusiwa kwenye njia ya katikati. Mgeni anaunganishwa na Wi-Fi lakini hapati anwani.

Sasa kebo pacha, yaani kebo mbili kati ya swichi mbili zinazofanya kazi kama njia moja. Unda kundi la LACP (utaratibu wa kuunganisha kebo hizo kuwa kundi moja) pande zote mbili kwanza, ndipo uchomeke kebo ya pili. Ukitanguliza kebo, STP (kinga ya swichi dhidi ya mizunguko) itaizima, na ikiwa STP haifanyi kazi, data itazunguka bila kikomo na mtandao mzima utaganda. Angalau upande mmoja uwe "active", maana "passive" mbili husubiriana milele. VLAN ziwekwe kwenye kundi, si kwenye mlango mmojammoja.

Kebo zikiwa mbili za Gb 1, usitarajie faili moja lipite kwa Gb 2 kwa sekunde: kila mawasiliano hupita kebo moja tu. Faida huonekana watumiaji wakiwa wengi, au kebo moja ikikatika.