Jinsi ya kumfundisha mzee wako kusafisha kinywa bila kumkwaza

Nianze na kosa langu ili wewe usilirudie. Nilienda Muheza kumwona bibi, nikakuta analalamika jino, na mdomo una harufu ambayo ukikaa naye karibu unaipata tu. Mi nikajifanya mjuaji, kesho yake nikarudi kutoka dukani na mswaki wa plastiki na dawa ya mswaki tyubu kubwa, nikamkabidhi na lekcha juu yake, bibi piga hivi, bibi usipige vile, asubuhi na usiku. Akanisikiliza mpaka mwisho halafu akasema, "Mume wangu, mi nimeanza kupiga mswaki baba ako hajazaliwa." (Bibi zetu wanatuita hivyo wajukuu wa kiume, ni utani.) Siku ya tatu nikaukuta ule mswaki jikoni, anasugulia mdomo wa birika.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla hujanunua chochote, mwombe akuonyeshe anavyofanya yeye. Kaa chini kabisa, mwambie bibi hebu nionyeshe nijue. Safari ya pili nilifanya hivyo na akafurahi sana. Akatoa mswaki wake wa mti, ule wanaouza milangoni mwa misikiti, akauchubua ncha, akautafuna mpaka ukawa nyuzi nyuzi, akaanza kusugua. Na kusema ukweli yuko vizuri, mswaki ule si ushamba, hata Shirika la Afya Duniani liliuunga mkono mwaka 1986 kwa watu wenye utamaduni huo. Shida niliiona nilipoangalia kwa makini: meno ya mbele kwa nje yanang'aa, ila magego na upande wote wa ndani hayaguswi kabisa, maana kijiti kimenyooka hakikunji kona. Nikawasha tochi ya simu tukaangalia pamoja kwenye kioo, ukoga umejaa huko nyuma njano tupu. Hapo sikusema kitu, aliona mwenyewe, akasema kumbe.

Sasa nisingeweza kumwambia aache mswaki wake, tukakubaliana ule ubaki wa asubuhi na wakati wa swala, na wa plastiki uwe wa huko nyuma na wa usiku. Ukimnyang'anya mzee kitu alichotumia miaka 60 umeshashindwa, mwongezee tu.

Cha pili, jua kwanini kinywa cha mzee si kama chako. Fizi zinashuka na umri, mzizi wa jino unabaki nje, na mzizi hauna lile gamba gumu la juu kwa hiyo unaoza haraka. Halafu kuna mate. Hili watu wengi hawalijui: dawa nyingi wanazokunywa wazee, baadhi za presha hasa zile za kukojoza, za mzio, za sonona, zinakausha mate, na mate ndo yanayoosha kinywa na kupunguza makali ya asidi. Muulize je anaamka usiku kutafuta maji, je andazi halipiti bila chai? Bibi ilikuwa ndo hivyo, na dawa yake aliyojigundulia ilikuwa pipi za kifua, anamumunya moja baada ya nyingine kutwa nzima, sukari inakaa kwenye mizizi iliyo wazi na mate hakuna. Yani nilikuwa nahangaika na mswaki kumbe adui yuko kwenye pindo la kanga. Usimwachishe dawa za presha hata siku moja, peleka swali kwa daktari wake kama kuna ya kubadilisha. Nyumbani weka chupa ya maji karibu anywe kidogo kidogo, na kama meno yanaruhusu bablishi isiyo na sukari inasaidia kuvuta mate.

Namna ya kupiga sasa. Chagua mswaki wenye kichwa kidogo na nywele laini, ule mgumu wazee wanaupenda wanaona ndo unasafisha lakini unakwangua mzizi na kuzidi kushusha fizi. Dawa ya mswaki iwe na floraidi, yale madini yanayokaza jino lisioze, geuza tyubu uangalie, tafuta namba kati ya 1000 na 1500 ppm (ndo kipimo cha floraidi iliyomo), kipande kama punje ya haragwe kinatosha. Kama anasema inawasha, na mdomo mkavu huwa inawasha kweli, tafuta isiyo kali ya minti. Ulaze mswaki nusu kwenye jino nusu kwenye fizi, miduara midogo, taratibu, nje, ndani, juu ya kutafunia, kama dakika 2. Dakika 2 kwa mzee asiyeangalia saa ni ngumu, sisi tunahesabu kwa nyiradi, jirani yetu Mkristo anaimba pambio lake kichwani, kila mtu na yake.

Halafu ateme tu, asisukutue. Hapa ndo tulibishana mno, maana bibi anaona kulala na povu mdomoni ni uchafu. Nikamwambia bibi hii ni kama mafuta ya mgongo, ukipaka ukaoga hapo hapo imefanya kazi gani? Akanyamaza kidogo, akatema mara tatu, akaacha. Usiku ndo muhimu kuliko asubuhi kwa sababu ukilala mate yanapungua zaidi, so kama atapiga mara moja tu kwa siku, basi iwe usiku. Nimeuweka mswaki kwenye kikombe pamoja na vidonge vyake vya jioni, akifuata vidonge anakutana nao. Mfungo wa Ramadhani tunapiga kabla ya kulala na baada ya daku, mchana kijiti chake, hakuna ugomvi.

Kwa ambaye mkono haukamati, baridi yabisi au alishawahi kupata kiharusi, nenepesha mpini. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli uzungushie, au vile vishikio vya mpira vya usukani wa baiskeli unachomeka tu. Mwache afanye mwenyewe hata kama vibaya, umalizie wewe pale alipoacha, simama nyuma yake upande mmoja si mbele ya uso, inapunguza ile aibu ya kupigwa mswaki kama mtoto. Anayesahau sahau usimpe maelezo marefu, chukua na wako mpige wote, atakuiga.

Damu. Wazee wengi wakiona damu wanaacha kusugua pale, na pale ndo panazidi kuharibika. Fizi inatoa damu kwa sababu ukoga umeivimbisha, ukisafisha kwa upole kila siku mara nyingi inatulia ndani ya wiki moja au mbili. Isipotulia, au jino linacheza, hospitali, ukoga ulioganda kama jiwe mswaki hautoi. Mwenye sukari hapo usichelewe kabisa, maana sukari inaharibu fizi na fizi mbovu nazo zinafanya sukari isumbue kushuka. Na anayetumia dawa za kulainisha damu amwambie daktari wa meno kabla hajashikwa jino.

Mkaa, majivu, mchanga, hapana. Vinakwangua. Na hapa niwaseme kidogo ndugu zangu wenye wazee wa Arusha na pande za Meru, yale meno ya kahawia si uchafu, ni floraidi nyingi ya maji waliyokunywa utotoni meno yakiwa bado yanajijenga ndani ya fizi, maji ya huko sehemu nyingi yanapita mbali kile kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita. Nimemwona mama mmoja anasugua kwa mchanga kwa miaka, rangi haijatoka ila jino limekwisha. Mwambieni ukweli apumzike.

Meno ya bandia nayo yana hadithi zake. Wengi wanalala nayo, mara nyingi kwa aibu, mzee hataki mkewe amwone kibogoyo. Ila kulala nayo kila siku kunazaa fangasi, ukimfunua kaakaa unakuta pekundu kama pamemwagikiwa chai ya moto na yeye hasikii chochote. Mpe kibakuli chenye mfuniko kisichoonyesha ndani, kiwe chake, usiku yanaingia humo kwenye maji ya kawaida. Kuyaosha tumia brashi na sabuni ya kawaida, si dawa ya mswaki maana inayachubua, wala maji ya moto maana yanapinda. Na muoshee juu ya beseni lenye maji. Jirani yetu mmoja mzee aliyaoshea bombani kwenye sakafu ya saruji, yakamponyoka, vipande viwili, akala uji mwezi mzima akisubiri mengine. Fizi zenyewe na ulimi zipanguswe pia kwa kitambaa laini kilicholowa, kutokuwa na meno si likizo.

Tambuu na ugoro sitahubiri sana, utapoteza muda wako wote hapo. Mi naomba jambo moja tu kwa anayetumia, akuruhusu kila mwezi uangalie na tochi shavuni na chini ya ulimi na pale anapoweka ugoro. Kidonda au baka jeupe au jekundu lisiloisha wiki 2, hata kama haliumi, tena hasa kama haliumi, mpeleke.

Mgonjwa wa kitandani: mwinue kichwa au mlaze ubavu, dawa kidogo sana, kitambaa cha kupangusia kiwe karibu, maji usimimine. Bakteria wa kinywani wakishuka na mate mapafuni wanaleta nimonia, na ndugu wengi wanamwogesha mgonjwa mwili mzima kila siku halafu mdomo wanauruka.

Bibi wangu lile jino liling'olewa, mengine tumeyaokoa, harufu hakuna tena. Pipi ameacha. Sukari ya chai bado tunavutana, kutoka vijiko vinne ameshuka mpaka vitatu, na kile cha tatu anakijaza kinakuwa na kilima juu, mi nimekubali hivyo hivyo kwanza.